Tushoneeni Mkeka, Msitumwagie Ukindu

Barua ya wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kwa wakuu na walimu wa vyuo vyote vinavyofundisha watu wazima kwa njia ya mtandao

YAH: SHAHADA MTAMBUKA KWA WANAFUNZI WATU WAZIMA

Ndugu viongozi na walimu wetu,

Nawaandikia kutoka Rujewa, wilayani Mbarali. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nina umri wa miaka 47, na kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye mfereji mmoja unaochepuka kutoka mto Mbarali. Kilichonifanya niwaandikie ni swali nililoulizwa na mzee mmoja nikashindwa kulijibu, ingawa wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shahada, mwaka wa pili.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao hapa Usangu maji huwa machache na maneno huwa mengi. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe karibu na banio. Wenye mashamba ya juu walikaa upande mmoja, wenye mashamba ya mwisho wa mfereji upande mwingine, na mgawa maji wetu katikati. Kelele zilipotulia, mgawa maji, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi sijaajiriwa, alinigeukia akasema: "Mwanangu, tunasikia unasoma chuo kikuu kwenye simu. Hebu tuambie, hayo masomo yanasemaje kuhusu mfereji huu?"

Muhula ule nilikuwa na masomo matano. Somo la mazingira lilikuwa limenieleza ardhi oevu, na Ihefu yetu ikatajwa katika ukurasa mmoja. Somo la uchumi lilinifundisha gharama na bei kwa mfano wa kiwanda cha soda. La utawala lilinipa ngazi za serikali za mitaa. La takwimu lilinifundisha kutafuta wastani wa alama za wanafunzi wa kubuni. La maendeleo lilinipa nadharia, nikazikariri kwa majina ya waandishi wake. Kila somo lilikuwa na mwalimu wake, kitabu chake na mtihani wake, na hakuna lililokuwa na habari kwamba mengine yapo. Pale chini ya mwembe nilikuwa na vipande vitano vya jibu, na jibu sikuwa nalo. Nilimwambia mzee kwamba nitarudi kwake nikishaelewa vizuri. Muhula uliofuata niliacha masomo.

Chuo hicho sitakitaja. Walimu wake walikuwa watu wema, na wengine walinijibu maswali saa nne za usiku. Kasoro niliyoiona kwao nimesimuliwa pia na wenzangu waliosoma kwingine, na ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Bibi aliyenilea alikuwa msusi wa mikeka. Nikiwa mdogo nilidhani mkeka ni ukindu, kwa sababu kazi niliyopewa ilikuwa kuuchana, kuuanika na kuutia rangi. Siku moja nilijisifu kwamba tumemaliza kazi, maana ukindu ulikuwa umejaa chumba. Bibi akaniambia nilale juu yake nione. Ukindu unasukwa kwanza uwe ukili, kisha ukili unashonwa kwa ukili mwenzake, pindo kwa pindo, na hapo ndipo fundi anapojulikana.

Shahada niliyoisoma ilinimwagia ukindu mzuri wa kila rangi. Kusuka na kushona niliachiwa mwenyewe, usiku, baada ya kazi, watoto wakiwa wamelala. Hoja yangu kwenu, basi, ni moja. Kushona ni kazi ya chuo. Shahada mtambuka ya mtu mzima ianzie kwenye swali ambalo maisha yamekwisha kumpa, na walimu wa taaluma mbalimbali wakutane kwenye swali hilo mbele yake, washone pamoja naye hadi pindo la mwisho.

Niruhusuni nieleze kwa mto ninaoufahamu.

Mto wetu Mbarali humwaga maji yake katika Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, uliozoea kutiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko hubanana kwenye madimbwi yanayozidi kupungua. Chini ya hifadhi kuna bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, na mbele yake Kidatu yenye megawati 204. Maji hayohayo yakishajiunga na Rufiji huelekea Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lango tunalofungua au kufunga sisi hapa kijijini lina undugu na taa inayowaka Dar es Salaam.

Nani aliukausha mto? Mwaka 2006 jibu lililotawala lilikuwa ng'ombe, na wafugaji wengi wakahamishwa kutoka Usangu pamoja na mifugo yao, wengine wakafika hadi Lindi. Mwaka 2008 Hifadhi ya Ruaha ilipanuliwa ikaingiza na eneo la Usangu. Lakini watafiti waliopima maji ya bonde hili mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamekuta jambo jingine: mifereji inayoendelea kuchota maji kiangazi, wakati mto wenyewe umebaki na maji kidogo, ilichangia kuukausha kuliko mifugo iliyokuwa ikilaumiwa.

Anayetazama nyasi na udongo peke yake atamwona ng'ombe. Anayepima maji ataona mfereji. Mchumi atawaambia kwa nini mfereji haufungwi: kiangazi ndipo vitunguu na mahindi mabichi yanapopata bei, na ada za shule zinalipwa Januari. Mwanasheria atafungua Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayodai kibali cha kutumia maji na kuzitambua jumuiya kama yetu, kisha itabidi atueleze kibali chenye kiasi kilichoandikwa kinasaidiaje mwaka ambao kiasi hicho hakimo mtoni. Mwanahistoria atakumbusha kwamba Wabaluchi walilima mpunga wa umwagiliaji hapa tangu enzi za Mwingereza, na kwamba Wasangu walikuwa na nchi yao na taratibu zao kabla ya hapo. Ukikaa chini ya mwembe wetu utayasikia yote hayo katika kikao kimoja, kila moja likiwa na msemaji wake, na msemaji mwenyewe amekasirika.

Swali la shahada ni hilo. Hakuna haja ya kunitungia mfano wa kiwanda cha soda.

Fikirini muhula wa kwanza wenye kozi moja kubwa, iitwayo "Maji Haya ni ya Nani?" Wiki za mwanzo mhandisi wa maji anatufundisha kupima: unachukua kipande cha mti, unakitupa kwenye mfereji, unahesabu sekunde hadi kifike alama ya pili, unapima upana na kina, kisha unakokotoa hadi upate lita kwa sekunde. Kila mwanafunzi anapima maji ya kwao, yawe ya mfereji, ya bomba la mtaa au ya kisima. Baada yake mtakwimu anachukua vipimo vyetu hivyohivyo na kutufundishia wastani na mtawanyiko, ili tujue lini tofauti ya vipimo ni ya kweli na lini ni mkono wa mpimaji. Anaingia mwanasheria, anauliza kama tulichokipima kinalingana na kilichoandikwa kwenye kibali. Mwanahistoria anatutuma kwa wazee tukiwa na kinasa sauti, na anatufundisha la kufanya ushuhuda wa wazee wawili unapopingana.

Mwisho wa kozi wote wanne wanakaa nasi katika kipindi kimoja cha mtandaoni, wanabishana mbele yetu kuhusu kazi zetu. Hapo tutajifunza jambo ambalo halimo katika kitabu cha yeyote kati yao: watu wawili wakweli, wenye taaluma mbili za kweli, wanaweza kutazama mto mmoja wasikubaliane, na bado uamuzi ukapaswa kufanyika kabla jua halijazama. Kwangu mimi hilo ndilo tendo la kazi la kila wiki. Sijawahi kufundishwa mahali popote.

Wengine watakuja na maswali yao. Nesi wa zahanati atauliza kwa nini akina mama wa kijiji fulani huchelewa kufika kujifungua, na jibu lake litapita kwenye barabara, nauli, mila, dawa na namna anavyozungumza nao. Mvuvi wa Kilwa atauliza kuhusu kufunga na kufungua maeneo ya pweza. Mwenyekiti wa mtaa Dar es Salaam atauliza kuhusu nyumba zilizojengwa mkondoni mwa mafuriko. Chuo hakiwezi kuwa na kozi kwa kila swali la kila mtu. Kinaweza kuwa na mada nne au tano kubwa, kama maji, afya, ardhi na mji, na ndani ya kila mada mwanafunzi akashika swali lake na kutembea nalo hadi kuhitimu.

Msione kama nawaletea jambo geni. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa vijitabu, wakajadili malaria, kichocho, safura na kuhara damu, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Elimu ya viumbe, ujenzi na uongozi wa kijiji vilifundishwa pamoja, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa umeviingia vyote. Ilikuwa elimu ya masafa, tena mtambuka, tena ya watu wazima, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kilichoibeba hakikuwa redio peke yake. Palikuwa na kikundi na kiongozi aliyefundishwa kukiongoza, na kila kipindi kiliishia kwenye kazi ya mikono.

Mwaka uliofuata, 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Utaratibu ule haukudumu, na ulikuwa na kasoro zake. Wazo lililokuwa ndani yake lingali hai: anayeingia darasani akitokea kazini huingia na maswali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kwa miaka mingi kimewataka wanafunzi wa fani mbalimbali wasome taaluma za maendeleo pamoja na fani zao. Kisha likaja tendo kubwa zaidi kwa watu kama mimi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kikaweka vituo mikoani ili mwalimu wa Sumbawanga asilazimike kuacha kazi ndipo asome. Kenya nao sasa wana Chuo Kikuu Huria chao, kilichopata hati mwaka 2023. Mlango upo wazi. Ninachozungumzia ni mpangilio wa nyumba tunayoikuta ndani.

Kwa wenzetu wa mbali kuna mafunzo matatu ya kuazima. Open University ya Uingereza, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1969, iliwaruhusu watu wazima kuingia bila vyeti vya awali na kuchanganya masomo ya fani tofauti katika shahada moja. Empire State College ya New York ilianza mwaka 1971 kwa kumpa kila mwanafunzi mwalimu mlezi wa kupanga naye shahada yake, na ikayahesabu maarifa aliyokwisha kuyapata maishani. Mwaka huohuo Evergreen State College, katika jimbo la Washington, ilifungua milango ikiwa na walimu wa taaluma tofauti wanaofundisha mada moja pamoja. Cha kwanza kinatufunza uhuru wa kuchagua, cha pili kinatufunza ulezi, cha tatu ushonaji. Nikiambiwa nichague kimoja nitachukua ushonaji, kwa kuwa uhuru niliwahi kupewa, nikapotea nao.

Sasa niseme mambo ninayowaomba, moja baada ya jingine.

La kwanza ni ujuzi tunaokuja nao. Nina daftari la zamu za maji la miaka kumi na mitatu. Ndani yake kuna tarehe, majina, saa, migogoro na jinsi ilivyoamuliwa. Mgawa maji wetu anatazama mfereji kwa macho na kukuambia utamwagilia majaruba mangapi kabla ya adhuhuri, na hukosea mara chache. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kuona si lazima kuelewa, na mimi siombi krediti za umri. Naomba kupimwa. Utaratibu wa kutambua maarifa ya awali mnao tayari kwa ajili ya udahili, na VETA wamekuwa wakirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Utambuzi huo uvuke kizingiti uingie ndani ya shahada yenyewe. Mwanafunzi aandae jalada la ushahidi: kazi aliyofanya, alichojifunza kwayo, alichokosea, na nadharia inayoeleza kwa nini. Walimu wawili walisome, wamhoji, waseme linastahili krediti ngapi. Likistahili sifuri, apewe sifuri na sababu zake.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa hesabu. Kwa mfumo wenu shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Jumla ni saa 3,600. Mimi nikijibana napata saa 12 kwa wiki: mbili kila usiku kwa siku tano, na mbili Jumapili baada ya ibada. Kwa wiki 40 za mwaka ni saa 480. Nikianza leo nitamaliza baada ya miaka saba na nusu, nikiwa nimepita miaka 54, na kustaafu kwa hiari ni miaka 55. Chuo kikinipima na kukubali krediti 90, yaani robo, saa zinazobaki ni 2,700, na nitahitimu kabla sijatimiza miaka 53. Miaka hiyo karibu miwili ndiyo inayoamua kama kata yangu itaifaidi shahada hii au nitaitundika ukutani.

La pili ni kalenda na namna masomo yanavyotufikia. Masomo matano kwa mpigo humfaa kijana anayelala bwenini. Mtu mzima apewe kozi moja kwa wakati, aimalize, apumue, ashike nyingine. Mitihani ya Juni na Julai hutukuta Usangu tukivuna mpunga, na wapo watakaowaambia kuhusu korosho au kahawa za kwao. Wekeni vipindi viwili vya mtihani kwa mwaka, mwanafunzi achague. Mhadhara wa video wa saa moja unakula bando la siku kadhaa za familia. Mhadhara uleule ukiwa sauti, na kurasa kumi za maandishi pembeni, unapakuliwa kwa fedha kidogo na unasikilizwa huku mtu anachambua mchele. Na hata mara mbili kwa muhula tukutane ana kwa ana kwenye kituo cha mkoa. Vikundi vya Mtu ni Afya vilijua siri hiyo: mtu huvumilia masomo magumu akiwa na wenzake wanaomngojea.

La tatu ni mwalimu mlezi, mmoja, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipoacha masomo hakuna aliyeuliza niko wapi, kwa kuwa kila mwalimu alidhani nimeonekana kwa mwenzake. Mlezi awe na wanafunzi wachache kiasi cha kuwajua kwa majina na kwa maswali yao. Kazi hiyo ihesabiwe katika mzigo wake wa kazi na katika kupanda cheo, maana jambo lisilohesabiwa huachiwa wenye huruma, na wenye huruma huchoka.

La nne ni kina. Mtaniambia mshika mbili moja humponyoka, kwamba mhitimu wa masomo mtambuka atakuwa anajua kidogo cha kila kitu. Hofu hiyo ninayo pia, na ndiyo maana nataka shahada yenye uti wa mgongo. Kati ya krediti 360, angalau 120 ziwe za taaluma moja inayosomwa kwa mpangilio, kutoka misingi yake hadi utafiti. Ukili lazima usukwe vizuri kabla haujashonwa, na mkeka wa ukili mbovu hufumuka. Anayeuliza kuhusu maji achague kama uti wake ni uhandisi, sheria au sayansi ya jamii, na humo asisamehewe lolote.

Uti huo uonekane kwenye jina la shahada. Katika utumishi wa umma, miundo ya kada hutaja sifa za kielimu kwa majina, na cheti chenye jina ambalo muundo haulitambui humkwamisha mwenye nacho hata awe hodari vipi. Tume ikae na ofisi inayosimamia utumishi wa umma na Sekretarieti ya Ajira kabla ya mwanafunzi wa kwanza kudahiliwa. Mtu aliyesoma usiku kwa miaka sita hastahili kuambiwa, siku ya kupeleka cheti, kwamba shahada yake haina mahali.

La tano ni lugha. Sipingi Kiingereza, vitabu vingi vya haidrolojia nitavisoma kwa lugha hiyo. Lakini maarifa yaliyomo kwenye daftari langu yaliingia kwa Kiswahili, na mengine kwa Kisangu, na yatawafikia watu kwa Kiswahili. Ruhusuni jalada la ushahidi liandikwe kwa Kiswahili. Kazi ya kuhitimu iwe na nakala mbili: moja kwa Kiingereza kwa ajili ya chuo, nyingine kwa Kiswahili kwa ajili ya mkutano wa kijiji au wa mtaa, isomwe hadharani, na mwanafunzi aulizwe maswali na wananchi huku mlezi wake akisikiliza. Aliyeweza kuitetea kazi yake mbele ya maprofesa na mbele ya wenye majaruba amehitimu kweli.

La sita liko mikononi mwa wengine, lakini sauti yenu inasikika kuliko yangu. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imemtaka mwombaji asizidi umri wa miaka 35. Naelewa fedha ni chache na vijana ni wengi. Hata hivyo wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Mkopo mdogo wa ada pekee, bila posho, unaokatwa kwenye mshahara uliopo tayari, ni mkopo ambao mkopaji wake anajulikana anapofanya kazi. Liwasilisheni hilo mezani kwao.

Najua mtaala mzima haubadilishwi kwa barua. Kwa hiyo siombi mbadilishe vyuo vyote. Chagueni chuo kimoja, mkoa mmoja na swali moja. Dahilini wanafunzi thelathini wenye umri wa zaidi ya miaka 30, walio kazini. Wapeni walimu wanne wa taaluma nne na mlipe saa zao za kukaa pamoja kupanga, kwa maana kushona kunahitaji muda, na walimu hawawezi kushona kwenye korido. Baada ya kozi mbili waulizeni wanafunzi, waulizeni walimu, kisha waulizeni wananchi waliosomewa kazi hizo. Mkiona haifai, iacheni. Mkiona inafaa, panueni taratibu.

Thelathini hao wakidahiliwa, nihesabuni. Nitakuja na daftari langu.

Mgawa maji wetu bado yupo. Oktoba iliyopita tulikaa tena chini ya mwembe uleule. Aliniita, akanisogezea kigoda, akaniuliza habari za watoto. Kuhusu masomo hakuuliza, na kimya chake kimeniuma kuliko swali lile. Alidhani amenistahi. Mimi nataka siku moja nianze mwenyewe: "Mzee, uliwahi kuniuliza masomo yanasemaje kuhusu mfereji huu. Walimu wangu wanne wako hapa kwenye simu, wanataka kwanza uwaeleze unavyoyasoma maji kwa macho."

Wenu katika kazi,

Katibu wa jumuiya ya watumia maji,
Rujewa, Mbarali